Maji Yanayokuja kwa Nyuma

Salim mwanangu,

Sanduku lako nimelifungua. Nakuambia mapema ili usije ukakuta kufuli limegeuka upande mwingine ukawashuku watu wa uwanja wa ndege. Ni mimi. Nimetoa nguo zako moja moja, nikazikung'uta, nikazikunja upya, na sikukuta kitu chochote cha kunitia wasiwasi. Hilo nalo likanitia wasiwasi.

Wewe umetoka kwenda Kabalagala kuwaaga rafiki zako, au ndivyo ulivyosema. Alasiri imeshaswaliwa, nimekaa kwenye meza ya kulia na mlango wa uani uko wazi. Sitakuandikia habari za sweta, wala za chakula, wala za kupiga simu. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyaitikia kabla sijamaliza. Nakuandikia kwa sababu wiki hii nilikwenda Bwaise, nikaona kitu, na tangu siku hiyo nakutazama kwa jicho ambalo mama hapaswi kumtazama nalo mwanawe. Nitafika huko. Kwanza nataka nikueleze jambo lililonipata mimi huko huko unakokwenda.

Hapa mezani umeacha kile kitabu chembamba walichokutumia waajiri wako, chenye picha za mahali pa matembezi katika kaunti yao ya Norfolk. Nimekisoma kama nilivyokuwa nikisoma maelezo ya mtuhumiwa. Jua linawaka kila ukurasa. Hakuna picha yenye mvua, wala foleni, wala mtoto anayelia. Kuna baba mmoja mwenye ndevu nyekundu ambaye yuko kwenye treni ya moshi, kisha yuko ufukweni anakula chipsi, kisha yuko kwenye hiyo bustani ya wanyama unakokwenda kufanya kazi, anamlisha mbuzi, na shati alilovaa ni lile lile. Ama alizunguka kaunti nzima kwa siku moja bila kutoka jasho, ama amelipwa.

Na wewe wanakutaka wa nini? Najua, umesomea wanyama, umekaa Entebbe na sokwe na simba, na kazi yako inasifiwa. Lakini nilipokuuliza kama Waingereza hawana vijana wao wa kuwaeleza wageni habari za simba, ulicheka. "Mama, ni kubadilishana wafanyakazi. Msimu mmoja tu. Baridi ikianza wanafunga, narudi." Nikakuuliza, utarudi kweli? Ukasema "inshallah" haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango. Huyo Helen wenu wa huko kwenye bustani naye, siku ulipompigia ukanipa simu tusalimiane, alicheka kabla sijasema neno. Mtu anayecheka kabla hajaambiwa kitu amekuja amejiandaa.

Lakini mimi Norfolk siijui kwa kitabu. Ile picha ya sebuleni, mimi na mwanamke mwingine tumeshika aiskrimu huku tumevaa makoti mazito, ilipigwa kule. Ulikuwa mdogo, ukabaki na baba yako. Kila ulipoiulizia nilikuambia mafunzo yalikuwa mazuri na watu walikuwa wema. Ni kweli, lakini ni kipande tu.

Idara ya polisi ilinipeleka kwa wiki kadhaa kwenye kozi ya upelelezi. Kutoka Afrika Mashariki tulikuwa wanawake wawili, mimi na Inspekta Nekesa wa Kenya, yule wa kwenye picha. Tulilala chumba kimoja na tukaelewana siku ya kwanza. Kiswahili changu kilimchekesha. "We mwanamke," aliniambia, "unaongea kama kitabu cha shule." Nikamweleza kwamba wazee wetu waliingia Buganda na biashara kutoka pwani, wakaoa huku na kuzikwa huku, na Bibi yangu hakuruhusu neno chafu wala neno lililovunjika lipite mlangoni kwake. Bibi alikuwa na maneno ya bahari mdomoni, kujaa, kupwa, bamvua, na alikuwa amezaliwa hapa hapa Lubaga. Maji makubwa kuliko yote aliyoyaona yalikuwa ya ziwa. Mimi nikayarithi maneno bila kitu chenyewe.

Jumamosi hatukuwa na masomo. Waandalizi wa kozi walikuwa na wazee wa kujitolea wanaowatembeza wageni, na sisi tukapewa mzee mmoja mstaafu, mrefu, mwembamba, mwenye gari dogo la kijani. Jina lake Dennis. Nekesa akamgeuza jina pale pale akawa Mzee Deni. "Na mtu anayeitwa Deni," akasema, "ujue kuna siku atakudai kitu." Tukacheka. Lakini mimi nilicheka huku nikiliweka akilini. Mtu anaacha Jumamosi yake, anachoma mafuta yake, anawatembeza wanawake asiowajua. Anataka nini?

Alitutembeza kweli. Alitupandisha treni ya zamani ya makaa, iliyotoka kituo kimoja ikafika kingine na ikarudi ilikotoka, na watu wazima wakapiga makofi. Nikamnong'oneza Nekesa, "Hawa wanalipa nauli ili wasiende popote." Alitupeleka gatini ambako familia nzima nzima zilikuwa zimekaa ukingoni zinavua kaa kwa kamba. Chambo kilikuwa nyama ya nguruwe, kwa hiyo Nekesa ndiye aliyekifunga, mimi nikashika kamba kwa mbali. Tukawapata kaa wengi, wakubwa, ndoo ikajaa. Kisha Mzee Deni akaimwaga ndoo yote baharini. Kila familia ilikuwa ikifanya hivyo. Nilitazama pale nikawaza, watu wanaovua chakula na kukimwaga, na hakuna anayeuliza, lazima kuna kitu wanakijua wao kwa wao na sisi hatuambiwi. Ndivyo nilivyokuwa, Salim. Kila raha ya wale watu niliitafutia kosa lake.

Nikaanza kumchunguza mzee. Aliegesha gari siku zote likiwa limeelekea njia ya kutokea. Alitazama saa mara nyingi. Na penye kila lango la kuingilia alituambia tumsubiri, akatangulia, akamwinamia mwenye tiketi na kumnong'oneza. Mwenye tiketi angetutazama, angetabasamu sana, na sisi tungepita.

Tulipokwenda kwenye jumba moja kubwa la kale, lenye bustani na swala wanaozunguka, nikaona imetosha. Walitupitisha mlango wa pembeni, tukaletewa chai na keki kwenye chumba ambacho wageni wengine walikichungulia kwa nje ya kamba. Nikasema nimeangusha shungi langu, nikarudi langoni. Yule mama wa tiketi akasimama aliponiona.

"Yule bwana amekueleza nini juu yetu?" nikamuuliza.

Akapiga goti kidogo. Salim, yule Mzungu alinipigia goti! "Usihofu," akasema kwa sauti ya chini, "sitamwambia mtu. Ni heshima kubwa kwetu. Hatujawahi kupata binti mfalme kutoka Afrika."

Binti mfalme. Mimi ninayekaa Lubaga, nikitoka tu mlangoni naliona kasri la mfalme mwenyewe, Kabaka, kilima cha pili. Hapa kwetu mtu akijiita hivyo wataletwa wazee kumhoji ukoo wake. Nilirudi chumbani, nikakaa, nikanywa chai yangu. Nilimweleza Nekesa usiku, akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi binti mfalme, nipishe nipite." Mimi sikucheka. Kazini nilifundishwa kwamba ukimkamata mtu na uongo usimwambie upesi, mwache aendelee. Nikamwacha aendelee.

Jumamosi iliyofuata alitupeleka kuona sili, wale wanyama wa baharini. Wewe utawaeleza watu habari zao, mimi niliona tu kitu kama mbwa aliyesahau kuota miguu. Alisema wapo mbali, kwenye fungu la mchanga, na njia nzuri ni kutembea kwa miguu wakati maji yamekupwa. Alitupa gambuti za kuvaa. Mahali penyewe ni tambarare hujawahi kuona, hakuna kilima hata kimoja, nyasi fupi zenye chumvi na katikati yake mifereji mingi ya matope, mikavu, inayopindapinda. Juu ya mifereji kuna vijidaraja vya mbao. Mwanzoni mwa njia kulikuwa na kibao cha onyo. Nilikisoma, nikakichukulia kama vibao vyetu vya "Mbwa Mkali" kwenye nyumba zisizo na hata paka.

Tukatembea mpaka mchanga ukaanza. Sili tukawaona kwa darubini yake, weusi weusi, wamelala. Nikataka niwasogelee. Ndipo Mzee Deni akatazama saa.

"Turudi sasa. Maji yamegeuka," akasema.

Nikatazama. Bahari ilikuwa mstari mwembamba, mbali kabisa. Mbingu nyeupe, bila wingu la mvua. Nilikuwa nimefanya kazi kituo cha Bwaise, Salim, nilikuwa nimewabeba watoto wa watu mgongoni maji yakiwa kiunoni. Maji nilijiona nayajua. Yanaanza juu, unaliona wingu, unasikia bati, kisha mtaro unafurika. Sasa huyu mwongo ananitajia maji ambayo hayapo. Nikawaza, kuna watu wamealikwa mahali, wanamngoja binti mfalme kwa chai, na yeye amechelewa.

"Tangulieni. Nakuja," nikasema.

"Hapana, madamu. Tafadhali. Sasa."

Hakuwahi kuniambia "sasa" vile. Nikaona ndiyo ushahidi. Nikamjibu kwa adabu ya polisi, ile inayouma, kwamba najua ninachofanya. Nekesa akaniambia kwa Kiswahili, "Dada, twende bwana, baridi hii." Nikamwambia, "Wewe nenda na deni lako." Wakaondoka, yeye akigeuka kila hatua. Mimi nikaendelea kuelekea kwenye sili.

Sikukaa sana. Niliwatazama, nikaridhika kwamba nimeonyesha msimamo, nikaona sasa nirudi. Mbele yangu bahari ilikuwa bado mbali. Nyuma yangu, upande wa nchi kavu, ile mifereji tuliyoivuka mikavu ilikuwa imejaa. Hakuna mvua, hakuna mawimbi, hakuna sauti. Maji yalikuwa yamenipita pembeni na kuja kwa nyuma, yanapanda taratibu kama chai inayojaa kikombeni. Ndipo nikalielewa neno la Bibi. Kujaa. Nimelitamka maisha yangu yote na sikuwahi kulijua.

Nikajaribu mfereji wa kwanza. Gambuti moja ikazama kwenye tope, nikautoa mguu, yenyewe ikabaki. Nikaingia wa pili, maji yakanifika kifuani, baridi ambayo hata sauti inakataa kutoka. Nikarudi nilipotoka. Kile kipande cha mchanga nilichosimama kilikuwa kinapungua. Nikasoma aya zote nilizozijua, nikachanganya mwanzo wa hii na mwisho wa ile. Nilikuona wewe ukiwa na yale makoti yako ya shule yaliyokuzidi mikono. Nikawaza, watamwambia mwanangu kwamba mama yake alikufa akitazama mbwa wa baharini.

Kisha nikamwona mzee anakuja. Amevua koti, anapita kwenye maji mpaka kiunoni, hashiki njia moja kwa moja, anapinda huku na huku kama mlevi. Alinifikia, akanishika mkono, na akaanza kunivuta. Si kuelekea nchi kavu. Kuelekea pembeni, kwa kule kulikokuwa kunaelekea baharini.

Nikaukataa mkono wake. Ndiyo, Salim, nikiwa kwenye maji, natetemeka, nikamkatalia tena. Nilipiga kelele, "Unanipeleka wapi?" Akasema neno, upepo ukalichukua. Alikuwa ananionyesha kwa kidole mahali nisipoona kitu ila maji. Nilichoamini mimi ni macho yangu, na macho yangu yaliniambia nchi kavu iko huku na huyu mtu ananipeleka kule.

Kilichoniokoa ni Nekesa. Alikuwa amepanda juu ya tuta kule nyuma, na akapaza sauti ile ya gwaride, kwa Kiswahili. "Mfuate! Naona daraja! Mfuate, mjinga wewe, daraja liko hapo mbele yenu!"

Basi nikamfuata. Nataka ulielewe hili vizuri, kwa sababu watu wakisimulia habari kama hizi hupenda kusema moyo wao ulilainika, wakamwamini. Wangu haukulainika. Sikumwamini yeye, niliamini shahidi wa pili aliyesimama mahali pa juu. Miguu yangu ikagusa mbao zilizokuwa zimeshafunikwa na maji, tukashikilia kamba ya pembeni, tukavuka, na baada ya hapo kulikuwa na nyasi.

Tukaingia garini. Mzee alikuwa amelowa mpaka shingoni, meno yanagongana, mikono haiwezi kushika ufunguo. Nekesa akamwashia gari. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Nikaona nisipomuuliza saa ile sitamuuliza tena.

"Kwa nini ulisema mimi ni binti mfalme?"

Masikio yakamwiva. Kisha akasema, "Nikija peke yangu hakuna anayeniuliza jambo lolote. Nalipa, napita, natoka. Siku ya kwanza mlipokuja, yule kijana wa treni aliniuliza nyinyi ni kina nani, na nilipoanza kumweleza alinisikiliza. Nikaongeza kidogo. Wiki iliyofuata nikaongeza tena."

"Ulikuwa unapita bure," nikasema.

"Hilo pia," akasema.

Mpaka leo sijui kama ile habari ya upweke ilikuwa kweli au ilikuwa uongo mwingine uliokuja na koti zuri. "Hilo pia" niliiamini, kwa sababu ilimdhuru. Jumamosi iliyofuata alikuja mama mwingine na gari lingine, akasema Dennis ana kifua na anapumzika. Nilimwomba anipeleke nikamjulie hali. Akasema ataangalia. Hakuangalia. Wiki ya mwisho niliuliza tena, nikaambiwa bado anapumzika, na aliyeniambia hakunitazama machoni. Niliondoka Norfolk bila kujua. Hilo swali huwa linanijia nikiwa nimesimama tu jikoni, nakoroga kitu.

Sasa nisikilize. Sikuandikii ili nikuambie uwaamini watu. Huyo Helen, mshuku. Yule mwenye ndevu nyekundu, mshuku. Mtu akikuambia bosi wake ni kama familia, mshuku yeye na bosi. Kosa langu halikuwa kushuku. Mzee yule alikuwa mwongo na nilimkamata kwa haki. Kosa langu ni kwamba baada ya kumkamata niliacha kazi. Nilichukua uongo wake wa langoni nikaubeba mpaka kwenye mchanga, nikayapima nao maneno yake yote, wakati mchanga ulikuwa na maswali yake mengine. Hawezi mtu kudanganya habari za tiketi na akasema kweli habari za maji? Anaweza. Watu wengi ndivyo walivyo. Mimi nilikuwa nalijua hilo kazini. Kila neno tulilipima peke yake, hili lina shahidi, hili halina, hili linamfaa msemaji, hili linamuumiza. Nililijua ofisini, nikalisahau kila nilipolihitaji nje.

Hata nyumbani. Baba yako, Mungu amrehemu, aliwahi kuniambia yuko zamu kambini, nikamkuta Kabalagala na wenzake wanatazama mpira. Uongo mdogo wa kijinga. Haukupita muda akaja na habari kwamba amehamishiwa kaskazini, lori linakuja alfajiri. Nikamcheka usoni. "Kaskazini ya Kabalagala?" nikamwambia, nikaenda kulala. Sikumfulia, sikumfungia kitu, sikumpikia. Alfajiri lori likapiga honi. Akaondoka na shati alilovaa na lingine lenye unyevu, na tulikaa miezi mingi hatujaonana. Aliposimama mlangoni aliniambia tu, "Safari hii ilikuwa kweli, mke wangu."

Hapo ndipo naogopa, Salim. Sasa nifike Bwaise.

Mvua ile kubwa iliponyesha nilikwenda kumwangalia Zaina, binti wa mdogo wangu, kama maji yameingia kwake. Yalikuwa yameingia. Ameinua vitu vyote juu ya meza na juu ya magogo, na juu ya vyote, pakavu, limekaa godoro. Nililijua kabla sijaligusa, kwa ile alama ya pasi pembeni uliyoiunguza ukiwa kidato cha pili. Godoro lako. Ambalo wiki iliyopita uliniambia umelipeleka kwa fundi abadilishe kitambaa, ulikute jipya ukirudi.

Nikamuuliza Zaina kwa utulivu, ule ninaoujua. "Hili umelitoa wapi?"

"Mama mkubwa, si Salim alinipatia? Langu lilikuwa limeoza na maji. Yeye alisema hana kazi nalo tena."

"Alisema hana kazi nalo tena, au hana kazi nalo kwa sasa?"

Zaina akaniangalia, akaelewa kwamba amesema jambo. "Banange, jamani," akasema, "sasa mimi nakumbuka? Alilitua tu, akaenda."

Nilirudi nyumbani kwa miguu mpaka barabara kubwa, na njia nzima nilikuwa nakujengea kesi. Godoro ametoa. Amedanganya kuhusu fundi. Alisema inshallah haraka. Wiki mbili hizi amekuwa mpole kupita kiasi, anaosha vyombo bila kuambiwa. Kwa hiyo harudi. Kwa hiyo msimu mmoja ni uongo, mpango ni uongo, na pengine hata Helen si Helen. Nilipofika Lubaga nilikuwa nimekuhukumu na nilikuwa nalia barabarani, mtu mzima mimi, mpaka mwenye boda akaniuliza, "Nnyabo, mama, nikupeleke hospitali?"

Ni hapa mezani, nikikitazama hiki kitabu chenu cha matembezi, ndipo nilipojiona nimesimama tena kwenye ule mchanga.

Basi nimejaribu kuyapima mbali mbali. La kwanza, godoro. Umenidanganya, na ushahidi ninao, na umeungua pembeni kwa pasi. Inawezekana ulidanganya kwa sababu ulijua ningesema Zaina ana mume, mumewe amnunulie. Ningesema hivyo, kweli. La pili, kurudi. Hilo halina shahidi. Linakufaa na linakuumiza. Sina mtu aliyesimama juu ya tuta wa kunipigia kelele niamini au nisiamini. Nimekaa nalo tangu mchana na sijui.

Kesho tutakwenda uwanja wa ndege Entebbe pamoja, mimi na wewe na majirani watakaojazana garini. Sitakuuliza njiani. Mbele za watu ungenijibu vizuri, na jibu zuri silitaki. Barua hii nitakutia mkononi mwenyewe pale mwisho, ukifika mahali ambapo mimi hawaniruhusu kupita, ili usome ukiwa huna mama wa kumtazama usoni.

Ukifika, siku ya mapumziko ya kwanza, kaa mahali peke yako ujiulize unataka nini. Kisha niambie. Kama utarudi, sema utarudi, na useme lini, hata kama tarehe itabadilika. Kama huna mpango wa kurudi, sema. Nitalia, hilo sikufichi. Halafu nitanawa uso, halafu nitakuuliza chumba unacholala dirisha lake linatazama wapi. Usiniache nikavikusanya kidogo kidogo, simu usiyoipokea, sauti iliyobadilika, Idi ambayo hukutuma hata salamu. Nimewapeleleza watoto wa watu wengi na kazi ile niliiweza. Sitaki kuifanya kwako. Nimechoka kujua mambo kabla sijaambiwa.

Umeingia sasa hivi. Kweli unanuka moshi wa nyama choma ya Kabalagala, kwa hiyo hilo nimelifuta. Umesimama nyuma ya kiti changu, umeniwekea mkono begani, umeniuliza, "Mama, unaandika nini chote hicho?" Nimefunika karatasi kwa kiganja nikakujibu ni ripoti ya kikundi chetu cha akina mama wa msikitini.

Huo ni uongo, mwanangu. Mengine yote humu ni kweli.

Mama yako